Theluji Imechelewa

Ko.

Ni sahani inafunikwa kwa sahani nyingine, gizani, na mikono midogo isiyoona inachofunika. Halafu Stara, binti yangu, anajisemea polepole, "Kisije kikapoa."

Umeme umechelewa tena leo, kwa hiyo simwoni. Namsikia tu akiburuta kigoda akae karibu na chakula cha baba yake, akilinde. Baba yake alipanda mlimani kazini wakati mahindi yanamfika mtu magotini, na sasa yamebeba. Serikali inasema amechelewa. Mimi ni raia mwema, nami nimekuwa nikisema hivyo hivyo: "Baba amechelewa, mwanangu." Na kila jioni tunampakulia.

Nawaeleza ilivyokuwa, bila kumlaumu mtu. Nchi yetu haina mtu wa kulaumiwa. Nafasi hiyo ilitangazwa, hakuna aliyeomba.

*

Nchi yetu ina mlima, na mlima ulikuwa na theluji. Bendera yetu ina weupe juu kwa sababu hiyo, na wimbo wa taifa una ubeti mzima unaosifu weupe, ambao lazima uuimbe umetazama juu, hata kama uko ndani ya nyumba. Wageni kutoka nchi za baridi walikuwa wanakuja na mbao zao ndefu nyembamba, wanazifunga miguuni, wanateleza kutoka juu mpaka chini wakipiga kelele za furaha, halafu wanapanda tena juu ili wateleze tena. Bibi yangu hakuielewa kazi hiyo. "Si wabaki tu huko chini?" alikuwa akiuliza. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inatulisha, na siku ya kufungua msimu wa kuteleza imeandikwa kwenye katiba. Ni Ijumaa, haisogei.

Ila theluji haikuisoma katiba. Nilipokuwa msichana ilikuwa inafika kabla ya wageni. Halafu ikawa inafika pamoja nao, inahema kama mtu aliyekimbilia gari. Mwaka niliomzaa Stara ilifika wageni wameondoka. Na mwaka huu mlima ulisimama mbele yetu mweusi kama figa.

Mheshimiwa Waziri wa Theluji, Miteremko na Mambo Meupe akafunga safari kwenda Ulaya, kwenye milima ya Alps, kujifunza. Alifuatana na wataalamu, wake za wataalamu, na mpiga tarumbeta. Walikaa sana. Waliporudi walisema kwamba huko nako walikuta nyasi za kijani mahali pa kuteleza, na wenye hoteli wamesimama mlangoni wanatazama mawingu, sawasawa na wakulima wa kwetu. Mheshimiwa alifurahi mno. "Ndugu wananchi," alisema, "tumewafikia walioendelea!"

Walirudi na mzinga pia. Mzinga huo unafyatua theluji, mradi upewe maji na baridi. Baridi hatukuwa nayo. Maji walichukua ya kijiji chetu. Siku ya kuujaribu tulijipanga sote tukiwa na ndoo zetu tupu, mzinga ukakohoa, ukanyamaza, ukakohoa tena, ukaitemea suti ya Mheshimiwa matope ya vuguvugu. Jioni ile redio ikatangaza kwamba majaribio yamefana na kwamba ile ilikuwa theluji ya awali.

*

Palikuwa na mwandishi mmoja wa habari, mzee mpole, ambaye alimuuliza Mheshimiwa hewani, "Mheshimiwa, kwani theluji imekwisha?"

Kesho yake neno lile lilipigwa marufuku. Mwandishi naye hatujamwona. Amechelewa.

Naomba mniwie radhi, nimelitaja neno hilo kwa sababu nanukuu. Mimi mwenyewe silitumii. Tangu siku ile, theluji haiwezi kufanya jambo hilo. Inaweza tu kuchelewa. Na kwa kuwa sheria haibagui, hakuna kitu kingine kinachoweza kulifanya. Ukienda dukani unaambiwa sukari imechelewa. Msomaji wa taarifa ya habari alikosa namna halali ya kufunga taarifa, akawa anasoma tu. Mkewe akawa anampelekea uji studio. Refa wa mechi ya kombe alinyang'anywa kipenga cha dakika ya tisini, na timu zote mbili zikacheza mpaka golikipa mmoja akalala nyavuni na mwenzake akaenda kumfunika.

Kusimamia mambo haya aliteuliwa Mfawidhi wa Msamiati wa Taifa, Bwana Tamati, ambaye kwanza ilimbidi abadili jina lake mwenyewe. Sasa anaitwa Bwana Inaendelea. Ni msomi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mtu akisema "nimeshakula", ile "sha" ya katikati ni mtoto wa lile neno, kajificha ndani ya kitenzi kama panya ndani ya gunia. Ikafutwa. Akagundua kwamba "kisha" nalo ni ndugu wa damu. Likafutwa, ndiyo maana mnaniona nasema "halafu, halafu" kama mtoto. Alitaka kuifuta na "sha" ya kufundisha na kurudisha, lakini Baraza la Mawaziri likamzuia, maana serikali isingeweza tena kuhakikisha kitu, na serikali yetu haina kazi nyingine.

Halafu likaja neno "maisha". Bwana Inaendelea alilitazama akaona linavyomalizikia. Watu sasa wanaulizana, "Habari za mambo ya kila siku?" Swala ya isha inaitwa swala ya baada ya magharibi. Na jirani yangu Bi Mwanaisha, mpika vitumbua, aliitwa ofisini akatoka akiwa Bi Mwana.

"Mwana wa nani?" alikuja kunifokea mimi, kana kwamba ni mimi Mfawidhi. "Mama yangu kanipa jina zima, hawa wamenirudishia nusu! Na hiyo nusu nyingine wameipeleka wapi, wameitia kwenye mchuzi?"

"Sema polepole, Bi Mwana."

"Na wewe nawe! Sikuuzii kitumbua mpaka uniite vizuri."

Makaburini walikuja na ngazi na rangi. Kibao sasa kinasema: Kituo cha Wachelewaji.

Tulicheka. Sitawaficha, tulicheka sana wakati ule. Twalibu wangu ndiye aliyekuwa anaongoza. Akirudi kazini anasimama mlangoni anauliza, "Mke wangu, wali umechelewa au upo?" na Stara anajibu kwa kupiga makofi, "Upo! Upo!"

*

Wageni walikuwa wamelipia, na Ijumaa ya katiba inakuja. Ndipo ilipotoka amri kwamba kila nyumba itoe shuka moja nyeupe kwa ajili ya theluji ya muda. Twalibu, aliyekuwa kibarua wa kusafisha njia za miteremko, akapandishwa cheo pamoja na wenzake. Wakawa Watandikaji wa Taifa. Kazi yao ni kutandika mlima.

Nilimkuta anakunja shuka yetu ya harusi, ile niliyoidarizi ua la bluu kwenye pembe.

"Hiyo acha, Twalibu."

"Wanataka nyeupe, Mama Stara. Zile nyingine ulizifua na kanga nyekundu zimekuwa za waridi. Nikienda kutandika theluji ya waridi watanifunga."

"Watu wote wataiona shuka tuliyolalia!"

"Wataiona, lakini hawataijua." Alicheka. "Nitaitandika juu kule, kwenye bega la mlima. Mkiamka asubuhi mtatazama mtasema, yule baba katandika kitanda leo, maajabu."

Kweli ilikuwa ajabu. Nyumbani hakuwahi kutandika hata siku moja.

Stara alimshika suruali. "Utarudi saa ngapi?"

"Kabla chakula hakijapoa."

Twalibu hakuwa mtu wa kuchelewa. Nataka hilo lieleweke. Mtu anaweza kusema mengi juu ya mume wangu. Alikuwa anakoroma, alikuwa anaimba vibaya, alikuwa anaficha soksi chini ya godoro. Lakini hakuchelewa. Siku ya harusi alifika kabla ya kadhi, akaazima fagio akawa anafagia ukumbi.

Kule kwenye bega la mlima, chini ya vumbi, palikuwa na barafu ya zamani sana, na hakuna aliyeruhusiwa kusema hali yake. Ilikuwa imelainika kama muhogo uliosahauliwa jikoni. Walipokuwa wanapigilia vigingi vya shuka, ikafunguka.

Walikuja wenzake jioni. Walisimama mlangoni wakapanga mstari, wamevua kofia zao, wamezishika vifuani. Wote wanaangalia kizingiti. Wa mbele alijaribu mara mbili, halafu akasema, kwa kufuata sheria, "Shemeji, Twalibu... amechelewa."

Nikazitazama zile kofia.

Nikasema, "Ahsanteni kwa kuniambia."

Nyuma yangu nikasikia Stara anachukua sahani ya pili.

*

Nilimwendea imamu kumwomba swala ya jeneza ya aliye mbali. Aliniangalia kwa huruma, akasema anachoweza ni kumwombea dua ya msafiri, na akanisihi nisimtie matatani, ana watoto. Matanga hayakuwekwa. Majirani walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu kaja kuazima chumvi, huyu kaja kurudisha chumvi, wakakaa nami, wakaondoka. Bi Mwana alikuja na kapu zima la vitumbua akasema vimemshinda kuuza. Vilikuwa vya moto.

Eda sikuweza kukaa. Mjane anahesabu eda yake kuanzia siku ya msiba, na mimi sikuwa na msiba, nilikuwa na mchelewaji. Lakini hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni ile sahani. Kila jioni ko. Kila asubuhi namwaga chakula nyuma ya nyumba kabla hajaamka, na akiamka ananiuliza, "Alikula?" Nikisema hakula, anasema labda chumvi ilizidi. Nikawa nasikia anavyoonja mchuzi, anaupima kwa ajili yake. Mtoto wangu alikuwa anapungua kwa kumtunzia mtu nyama.

Nikavaa vizuri nikaenda kwa Bwana Inaendelea.

Ofisi yake ina zulia jeupe ambalo wageni wanapita pembeni yake. Alinikaribisha kwa adabu, akanipa kiti, akaniuliza habari za mambo ya kila siku.

"Nimekuja kuomba neno, Bwana Mfawidhi."

"Neno lipi, mama?"

"La mume wangu. Moja tu. Mniambie ninyi, ili nami nimwambie mtoto. Nikilisema mimi peke yangu nimevunja sheria, na mtoto ataliropoka shuleni."

Alikunjua mikono. "Mama, suala la Twalibu tunalo, na tunalichukulia kwa uzito. Mfanyakazi kachelewa kazini muda mrefu bila taarifa. Tumefuata utaratibu. Amepewa onyo la mdomo."

"Onyo?"

"La kwanza. Ofisa wetu alipanda mpaka kwenye ufa, akainama, akampa onyo kwa sauti kubwa. Hakujibu." Akashusha sauti, kama mtu anayesikitikia tabia ya ndugu. "Kutomjibu ofisa, mama, nako ni utovu wa nidhamu."

"Kwa hiyo mnajua alipo."

"Tunajua kituo chake cha kazi, ndiyo."

"Basi mshusheni mtu kwa kamba amtoe."

"Kamba," alisema Bwana Inaendelea, na kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni, "imechelewa."

Nikaona kwamba mkono wake unachezea kalamu, unachora herufi mezani bila wino, na mimi nimesoma masomo ya jioni mpaka nikafika sarufi, najua kuisoma herufi hata ikichorwa kinyume. Alikuwa anachora lile jina lake la zamani. Sikumsemea.

"Bwana Mfawidhi," nilimwambia, "wewe ni msomi. Kuna njeo gani ya mtu ambaye hatarudi?"

Akafikiri kweli, yule bwana. Halafu akasema, "Hilo bado tunalifanyia kazi."

*

Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

Nilimwacha Stara kwa Bi Mwana nikapanda na umati. Kutoka mbali mlima ulipendeza, nisiwadanganye. Mweupe wote, mpaka mtu angetaka kuimba. Ukikaribia unaanza kuona pindo. Unaona shuka ya hospitali, ya hoteli, ya bwenini, shuka yenye doa la chai, na moja iliyoandikwa kwa uzi mwekundu "Usiku Mwema Mpenzi". Upepo ukipita, mlima unapumua.

Mheshimiwa alipanda jukwaani amevaa koti la manyoya, jasho linamtiririka.

"Ndugu wananchi! Wageni waalikwa! Theluji mliopo, na theluji mlio njiani!" Akapigiwa makofi. "Kuna watu wenye nia mbaya wanaosema mlima wetu uko uchi. Nawauliza, aliyetandikiwa shuka na taifa zima anakuwaje uchi? Nasema tena, theluji yetu ya mwaka huu ni bora kuliko ya zamani. Ya zamani ilikuwa baridi! Ilikuwa inalowanisha watu! Hii mtu anaweza kujifunika!"

Mpiga tarumbeta akapiga. Wageni wakaachiliwa.

Wa kwanza aliteleza hatua kidogo, shuka ikamfuata, akafika chini amezungushiwa kama maandazi kwenye gazeti, akapewa medali. Wa pili na wa tatu walifungana pamoja. Mama mmoja wa kigeni, mtu mzima mwenye mvi, hakuteleza. Alivua mbao zake akapiga magoti, akawa anapapasa kitambaa, machozi yanamtoka. Alisema maneno kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha masomo ya jioni kinafika hapo. Alisema, "Kwetu nako tunaifunika barafu kwa mablanketi, kama mgonjwa. Nilidhani ni sisi tu."

"Amesema imependeza sana," akatangaza mkalimani.

Mimi nilikuwa napanda. Hakuna aliyenizuia, wote walikuwa wanamfungua mgeni wa nne. Nilifika kwenye bega la mlima nikaliona ua langu la bluu, kwenye pembe, limepigiliwa vizuri, limenyooshwa bila kunjo hata moja. Katandika kweli. Kitanda kizuri kuliko chochote nilichowahi kutandika mimi. Na hatua chache mbele yake, ule ufa.

Nikainama pale ofisa alipoinama. Hewa inayotoka chini ilikuwa baridi, ndiyo baridi pekee niliyoikuta kwenye mlima wote. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema, "Baba Stara. Chakula kipo."

Nikamngoja. Sikumpa onyo.

Halafu nikang'oa vigingi vya shuka yangu kimoja kimoja, nikaikunja, nikashuka nayo. Njiani akanisimamisha askari.

"Wewe mama! Umebeba nini hicho? Unaiba theluji ya taifa?"

"Siibi, afande. Imeyeyuka."

Alinyoosha mkono aikamate, akaliona ua. Akaligusa kwa kidole kimoja. Alikuwa kijana, ndevu hazijajaa. Akageuka akatazama kule kwenye jiwe kubwa, mahali palipotandikwa kitambaa kimoja chembamba ambacho hakikuwa shuka.

"Kile pale cha mama'angu," alisema. "Alikuwa kajiwekea sanda yake sandukuni. Walipokuja akaitoa hiyo hiyo, hakuwa na kingine cheupe. Saa hizi ni mgonjwa. Kila siku ananiuliza kama nimemrudishia."

"Na theluji nayo," nikamwambia, "huyeyuka popote. Hata pale kwenye jiwe."

Akanitazama. Halafu akageukia upande mwingine, akasema kwa sauti ya kazi, "Pita, mama. Mimi sijaona kitu." Nilipofika chini niligeuka. Pale kwenye jiwe palikuwa peusi.

*

Ndiyo hapa tulipo sasa, gizani, mimi na Stara na sahani mbili zilizofunikana. Bi Mwana katusindikiza, kaondoka sasa hivi. Nilipokwenda kumchukua mtoto nilimwita mlangoni kwa sauti, "Bi Mwanaisha!" jina lote, na yeye aliyekuwa akilidai siku zote alinitazama jinsi nilivyojitanda ile shuka nyeupe kama mwenye eda, akalia.

"Mama, umevaa nini?" Stara anauliza. Mkono wake unakuja, unapapasa, unapanda mpaka begani, unafika pembeni kwenye ua. Vidole vinalizunguka. Analijua ua hili tangu akiwa mchanga, alikuwa analinyonya.

"Hii ilikuwa mlimani," anasema.

"Ilikuwa mlimani."

"Baba kaileta?"

Najua mlango uko wazi na njiani wanapita watu. Najua sheria. Nimewatafutia wasomaji wangu njia ndefu mpaka hapa bila kuivunja, isipokuwa pale nilipowanukuu wengine na pale nilipomwita jirani yangu jina lake. Nampakata mwanangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, naifunga shuka ituzunguke sote wawili.

"Hapana, mama. Nimeifuata mwenyewe. Baba ameshakufa."

Hakuna askari anayeingia. Huko nje mtu anapita anapiga mluzi, anakwenda zake. Stara ametulia kifuani pangu, namsikia anapumua, anapumua, na shuka inapanda na kushuka juu yetu. Nalia bila sauti, naye kifua chake kinatikisika kidogo, halafu kwa nguvu, halafu kidogo. Tunakaa hivyo mpaka mchuzi umepoa kweli.

Ndipo anapotoka mikononi mwangu. Kigoda kinaburutwa. Sahani ya juu inainuliwa, inawekwa chini.

"Mama, chakula cha baba nitakila mimi."